Wekundu Haufifii: Shajara ya Mgombea Aliyepauka

Jumatatu, 4 Mei

Ndugu wapiganaji, wenzangu katika mapambano, ninyi mtakaoifungua shajara hii siku ambayo historia itakuwa imekwisha kutoa hukumu yake: nawasalimu! Someni kwa utulivu. Msiruke kurasa.

Zimebaki siku saba kamili kabla ya uchaguzi wa mwenyekiti wa serikali ya wanafunzi. Nimegombea mara mbili. Nimeshindwa mara mbili. (Mwaka juzi kwa hila. Mwaka jana kwa kura.) Huu ni mwaka wangu wa mwisho chuoni, kwa hiyo hakuna mara ya nne. Ama nitatoka hapa nikiwa Mwenyekiti, ama nitatoka nikiwa na shahada tu, kama watu wengine.

Rangi ya vuguvugu letu ni nyekundu. Kaulimbiu yetu: WEKUNDU HAUFIFII. Nimeitunga mwenyewe, bafuni, sabuni ikiwa machoni.

Jana dada yangu alinipiga picha ya bango. Dada ni mchapaji, ana duka mjini, amenizidi miaka sita na hajawahi kuniacha nisahau. Shati jekundu, ngumi juu, jicho kwenye upeo wa macho. Alikaa na picha hiyo kwenye kompyuta yake saa nzima, akaniondolea chunusi mbili, akaitia kwenye flashi. Wiki hii mashine zake zimejaa vitabu vya shule, kwa hiyo mabango yatachapwa chuoni. Alinionya mara tatu nisiiguse faili. Alisema kitu kuhusu wasifu wa rangi uliopachikwa ndani ya picha. Sikusikiliza vizuri. Nilikuwa najitazama.

Lakini maneno hayo, "ndani ya picha," yalinikaa. Ndani ya picha kuna nini? Nimefanya utafiti (dakika ishirini). Nimegundua kwamba kila picha hubeba maelezo yaliyofichwa: siku, saa, aina ya kamera, pengine mpaka mahali iliponipata. Yaani mgombea wa umma anatembea na jasusi mfukoni! Nimepata kiprogramu cha bure kinachofuta maelezo yote bila ubaguzi. Nimebofya. Kikaandika: "Maelezo 47 yamefutwa."

Arobaini na saba! Nilijihisi mwepesi kama mtu aliyetoka kunyolewa.

Nikaifungua picha kwenye kompyuta yangu ili kuhakikisha. Nyekundu ya damu. Ikumbukwe kwamba programu yangu ya picha niliiwekea mwaka jana mpangilio wa rangi mpana kuliko yote iliyokuwa kwenye orodha, kwa kuwa sipendi vitu vidogo. Katibu, ambaye ni mwenzangu wa chumba na mwanachama wa pili wa vuguvugu kwa namba ya kadi, alikiri kwamba inatisha.

Tumeituma kote: chumba cha kuchapa cha chuo, skrini kubwa mbele ya maktaba, simu za wanafunzi. Hakuna wa kutuzuia.

Jumanne, 5 Mei

Fedheha.

Nilikwenda maktaba saa mbili asubuhi kujiona. Nikajiona. Shati lilikuwa na rangi ya tofali lililonyeshewa. Uso wangu ulikuwa kama wa mtu aliyeoga majivu akakataa kujisuuza. Ngumi iko juu, ndiyo, lakini kwa rangi ile ilionekana kama mgonjwa anayeomba maji. Na chini yake, kwa herufi kubwa: WEKUNDU HAUFIFII.

Nikakimbilia chumba cha kuchapa. Mabango mia mbili. Yote tofali. Katibu alinitazama, akatazama bango, akaniuliza kwa upole kama usiku nililala vizuri.

Tazameni sasa nani anafaidika. Mpinzani wangu mkuu ni yule msichana wa takwimu tunayemwita Bi Utaratibu. Rangi yake ni samawati. Sisi tulikaa mihula miwili tukidai kwa nyimbo maktaba ifungwe saa nne badala ya saa mbili. Yeye aliandika barua. Barua moja! Bila hata mkusanyiko! Muda ukaongezwa, na mpaka leo watu wanasoma mle ndani bila hatia yoyote.

Nikamwendea fundi wa skrini. Nikamshutumu, kwa sentensi zilizopangika, kuwa chombo cha watu fulani. Alikuwa anakunywa chai. Alinisikiliza mpaka mwisho, akabonyeza kitu, na Bi Utaratibu akatokea kwenye skrini ileile: samawati safi, meno yana rangi ya meno. Akaniuliza kama skrini inanichukia mimi peke yangu. Nikamwambia kwamba hicho ndicho hasa nilichokuwa nasema tangu nimefika.

Nikaleta kompyuta yangu. Nikasimama mbele ya maktaba, nikainyanyua juu ya kichwa ili umma ushuhudie: huku nyekundu, kule tope! Watu tisa hivi walisimama. Mmoja akauliza kama naiuza.

Hujuma imethibitika. Faili ni ileile. Kwangu ni nyekundu. Kwingine kote ni tofali. Haiwezekani kompyuta moja iwe sahihi na nyingine zote zikosee, isipokuwa kama hiyo moja ndiyo yangu.

Jumatano, 6 Mei

Mkakati mpya. Nimeuvumbua wakati wa mhadhara, kwa hiyo mhadhara haukupotea bure.

Ikiwa rangi inaonekana vizuri kwenye kompyuta yangu tu, basi na iondoke humo kwa nguvu. Nilifungua picha, nikajaza skrini, nikaipiga kwa simu. Picha ya picha! Katibu alishika pazia. Matokeo: mistari kama ya pundamilia kuanzia kidevuni kwenda chini, dirisha letu likang'aa kwenye bega langu la kushoto, na karibu na mfuko wa shati anaonekana Katibu, mdogo lakini dhahiri, anatafuna. Lakini ni nyekundu! Si nyekundu yenyewe kabisa. Inaelekea waridi. Walakini haiwezi kuitwa tofali.

Nilimpelekea fundi wa skrini, nikamwamuru aondoe ile ya zamani. Akasema kuondoa tangazo kunahitaji ombi la maandishi. Mimi siandiki barua. Ni msimamo. Kwa hiyo sasa zote mbili zinapokezana kila baada ya sekunde kumi: mimi niliyepauka, kisha mimi mwenye mistari, kisha mimi niliyepauka.

Saa sita mchana Bi Utaratibu akanisimamisha kwenye korido. Alikuwa na kalamu sikioni. Nilijiandaa kwa vitisho. Akasema:

"Ndugu mgombea, ile picha yako ya kwanza haina wasifu wa rangi. Mrudishie aliyeipiga, atakupachikia upya. Ni kazi ya dakika moja."

Dakika moja! Ndivyo wanavyotuchukulia. Nikamjibu kwamba mapambano ya umma hayapimwi kwa dakika, na kwamba watu si namba. Akasema yeye hakutaja watu, alitaja picha. Akaniaga vizuri. Yule binti ana adabu ya kutisha.

Kwa nini adui akushauri ukweli? Nimelitafakari swali hili kwa kina. Jibu ni moja: ili usiufuate. Baadaye nikaona kwamba hoja hiyo ina tundu mahali fulani, lakini chakula kilikuwa tayari.

Jumapili nilikuwa na wafuasi arobaini kwa hesabu ya Katibu. Leo ishirini na saba. Mmoja alisema hawezi kumchagua mtu mwenye mtu mdogo anayetafuna mfukoni.

Alhamisi, 7 Mei

Mambo yamegeuka! 

Nilikuwa kwenye foleni ya kantini na sahani mbili (majukumu ni mengi). Mbele yangu wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza. Mmoja alimuuliza mwenzake yule mgombea aliyepauka ana nini. Mwenzake, kwa sauti ya kuheshimu, akasema amesikia kwamba amegoma kula mpaka madai ya wanafunzi yasikilizwe. Siku ya nne leo. Na bado amenyanyua ngumi, akaongeza. Yule wa kwanza akasema kura yake imekwisha kujulikana.

Nikarudisha sahani moja. Kisha, baada ya kupambana na nafsi, nikarudisha na ya pili.

Sikudanganya. Naomba hili liwekwe wazi kwa vizazi. Nilinyamaza tu, kwa kina. Katibu akabandika taarifa ya vuguvugu isemayo kwamba mgombea hatathibitisha wala kukanusha lolote kuhusu tumbo lake. Kufikia saa tisa nilikuwa nimepokea kadi nne za ugua pole, chupa ya maji, na shairi. Mwanafunzi mmoja wa uuguzi alinishika mkono akanipima mapigo. Akasema yana nguvu ajabu kwa mtu ambaye hajala siku nne. Katibu akamwambia huo ndio moyo wa vuguvugu.

Wafuasi: mia tatu. Katibu amehesabu mara mbili.

Tatizo moja tu. Uso wangu. Kwa asili nina rangi nzuri, iliyoshiba. Ana kwa ana sifanani na mateso yangu. Mkakati: poda. Katibu anayo ya watoto, hataki kusema kwa nini. Amenipaka huku akitazama bango, kama mchoraji. Akasema kidogo zaidi kwenye paji. Sasa nimefanana na picha kabisa. Biskuti nakula nikiwa ndani ya kabati, mlango umefungwa, ili hata Katibu asilazimike kuwa shahidi.

Saa kumi na moja Mama akapiga simu. Shangazi mmoja ambaye binti yake anasoma hapa alimpelekea lile bango. Mama hakuuliza kuhusu uchaguzi. Aliuliza kama ninakula. Nikamjibu kwa kugusia hali ya jumla ya vijana katika jamii. Akasema, "Sawa." Akakata.

Mama akisema sawa namna hiyo, mtu mwenye busara huhama mji. Nimeamua kutolitilia maanani.

Ijumaa, 8 Mei

Mdahalo wa wagombea. Ukumbi umejaa, watu mia nne. Niliingia nikiwa nimeegemea bega la Katibu, hatua fupifupi, poda mpya. Makofi yalianza taratibu, yakapanda, yakawa radi. Baadhi walisimama. Ndugu zangu, niliuona uenyekiti. Ulikuwa umbali wa meza mbili.

Nikashika kipaza sauti. Nikaanza: Mwili ni nini, mbele ya haki?

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mama. Mtandio wa safari, hotipoti tatu kwenye kikapu, na shuka la kunifunikia.

Alitembea katikati ya ukumbi wote bila haraka. Alimwomba radhi msimamizi wa mdahalo, akamwita mwanangu, akasema hatachukua muda. Akanishika kidevu. Akanitazama. Akalamba ncha ya mtandio, akanifuta paji la uso. Kisha akautazama mtandio.  Akafungua hotipoti ya kwanza.

"Kula, baba."

Nilikuwa nimeishi kwa biskuti za kabatini kwa saa ishirini na nne. Kuku alikuwa wa kukaanga. Nilijiambia nitaonja tu, kwa heshima ya mzazi. Nilipopata fahamu kulikuwa na mifupa ya mapaja mawili mezani, kipaza sauti kilikuwa wazi, na ukumbi mzima ulikuwa unanisikiliza nikitafuna. Bi Utaratibu, aliyekuwa akingoja zamu yake, alinimiminia maji.

Sauti ikatoka nyuma kuuliza: na mgomo wa kula je?

Hapo akili yangu ikafanya kazi kwa kasi ambayo siwezi kuilaumu. Nikasimama. Nikaelekeza kidole kwenye bango ukutani. Nikasema kwa sauti kamili kwamba yule pale, aliyepauka, si mimi.

Vichwa vyote vikageukia bango.

Msimamizi akauliza, basi ni nani. Sikuwa nimefika huko bado. Nikasema ni mwenzetu. Mwingine. Asiyeweza kuwa nasi leo.

Mama akauambia ukumbi, kwa sauti isiyohitaji kipaza, kwamba yeye amezaa mtoto wa kiume mmoja tu na ndiye huyu anayekula.

Nilidhani hapo nimekwisha. Kumbe! Huzuni ilipita ukumbini kama upepo. Watu walitikisa vichwa. Nilimsikia msichana wa safu ya mbele akimnong'oneza mwenzake: masikini, hata mama yake amemkana.

Jumamosi, 9 Mei

Mama ameondoka asubuhi, lakini kwanza amenipeleka dukani kwa Dada akiwa amenishika mkono, mimi, mtu wa mwaka wa mwisho. Akanikabidhi kama mzigo.

Dada akafungua faili yangu. Akaitazama. Akakaa juu ya bunda la karatasi, akacheka mpaka mteja akaenda kumletea maji. Kisha akauliza nani amefuta wasifu. Nikasema, usalama. Akacheka tena.

Naandika maelezo yake kwa ufupi, kwa ajili ya kumbukumbu. Akasema:

"Mdogo wangu, picha ni namba tupu. Wasifu wa rangi ndio unaoiambia mashine namba hizo zisomwe vipi. Ukiufuta, kila mashine inakisia."

Yeye huandaa picha zake kwa mpangilio mpana. Mashine nyingi za watu, zikikuta picha isiyo na wasifu, hukisia ule mdogo wa kawaida, na rangi zote hunywea. Ya kwangu ilikisia sawa kwa bahati tu, kwa sababu nami niliiwekea mpangilio mpana. Kwa hiyo kompyuta pekee niliyoiamini ndiyo pekee iliyokuwa inanificha kosa. Alilisema hili polepole, mara mbili, akinitazama machoni.

Kisha akachagua wasifu kutoka kwenye orodha, akabofya pachika. Ndugu zangu! Wekundu ukarudi. Shati, mashavu, ngumi. Namba zilikuwa zilezile, hazikuguswa hata moja. Baada ya hapo akaibadilisha picha iwe ya mpangilio wa kawaida, ili hata mashine isiyojali iisome sawa, akaipachikia wasifu wake, akaituma yeye mwenyewe kwa tume ya uchaguzi iwekwe kwenye karatasi za kura. Yote kwa dakika moja na nusu. Bi Utaratibu alikuwa amekosea kwa nusu dakika.

Nikamwomba wasifu wake mpana aniwekee kwenye flashi. Alisita. Akasema nisije nikaupachika kwenye picha isiyo yake. Nikaahidi kwa mkono ulionyanyuliwa.

Bwenini nikawaza. Ikiwa wasifu mmoja umeurudishia umma shati moja, kwa nini picha nyingine za vuguvugu zinyimwe? Huo si ubaguzi? Nilizipachikia zote kumi na nne, hata zile za simu ya Katibu ambazo hazikuwa na kasoro yoyote. Nyuso zetu zikaiva kama nyanya. Majani ya uwanja yakawa kijani cha sumu. Katibu alisema hajawahi kuona vuguvugu lenye afya namna hii. Nikazirusha kwenye simu za wanafunzi.

Dada amepiga simu. Nimeona vyema nisipokee.

Jumatatu, 11 Mei

Siku ya kura. Naandika kwa mkono ulio thabiti, kwa makusudi.

Karatasi ya kura ilikuwa nzuri. Sitaki kulificha hilo. Picha yangu nyekundu, hai, sahihi, kando ya samawati ya Bi Utaratibu. Foleni ndefu. Nilisimama umbali unaoruhusiwa na sheria, nikitabasamu. Mara mbili niliona mpiga kura akitoka nje kumuuliza msimamizi wa kura, yuleyule wa mdahalo, yule mgombea mwingine yuko wapi.

Saa kumi na mbili matokeo yakasomwa. Bi Utaratibu: mia sita na nne. Mimi: mia tano themanini na tisa. Zilizoharibika: thelathini na moja.

Nikataka kujua zimeharibika vipi. Msimamizi akavaa miwani. Wapiga kura hao hawakuwa wameweka alama popote. Wameandika kwa mkono. Akasoma chache. "Nampa yule aliyepauka." "Wa mgomo wa kula." "Kaka yake." "Apone kwanza, kisha atuongoze." Nyingine ilikuwa na moyo mdogo uliochorwa.

Nimepungukiwa kura kumi na tano. Katibu alipiga hesabu ya kutoa kwa vidole, akarudia, akaviingiza vidole mfukoni.

Mikutano yote, nyimbo zote, mihula yote, na aliyenishinda ni mimi! Mimi yuleyule, pungufu ya maelezo arobaini na saba.

Sikukubali kirahisi. Niliwasilisha hoja kwamba aliyepauka na mimi ni mtu mmoja, kwa hiyo kura zake thelathini na moja zihamishiwe kwangu mara moja. Msimamizi akafungua daftari la mdahalo. Akaniuliza kama si mimi niliyetamka Ijumaa, mbele ya watu mia nne, kwamba yule si mimi. Imeandikwa. Maneno ya Mama pia yameandikwa, chini yake, na kupigiwa mistari miwili.

Nilikaa kwenye ngazi za ukumbi mpaka watu wakaisha. Bango langu moja lilikuwa bado ukutani. Tulitazamana. Kusema kweli, kwa mara ya kwanza, nilifanana naye bila poda.

Katibu alikaa nami.  Alikuwa na biskuti, akanikatia nusu.

Jumanne, 12 Mei

Pambazuko jipya!

Asubuhi Bi Utaratibu alikuja bwenini, akabisha mlango kwa adabu yake ileile. Akasema mtu anayeweza kuwafanya watu thelathini na mmoja wampigie kura mtu asiyekuwepo ana kipaji, na kwamba serikali yake inahitaji Katibu wa Uenezi. Nikamwambia lazima nishauriane na dhamiri. Nilishauriana nayo kwa sekunde kama kumi na moja. Nikakubali. Mfumo hupenywa kutoka ndani.

Kazi yangu ya kwanza ni tangazo la kikao cha serikali mpya, lenye picha ya mwenyekiti. Alinipa faili mwenyewe. Akasema kwa upole kwamba wasifu wa rangi ameshaupachika, ule wa kawaida, na kwamba hakuna kingine cha kufanya. Akarudia: hakuna kingine. Nikamwambia mimi si mtoto. Wiki hii nimejifunza mengi.

Kisha nikafikiri. Huyu sasa ni kiongozi. Kama mgombea tu nilikuwa nimefichiwa maelezo arobaini na saba, mwenyekiti je? Nikafungua kiprogramu changu. "Maelezo 52 yamefutwa." Hamsini na mawili! Hayo ndiyo mamlaka.

Nikamfungua kwenye kompyuta yangu ili kuhakikisha. Ajabu! Uso umeiva kama nyanya, samawati ya kitambaa inapiga kelele. Hujuma imeanza mapema kuliko nilivyotarajia. Lakini safari hii imemkuta mtu mzoefu. Nilishusha rangi, hatua kwa hatua, kwa subira, mpaka akatulia kabisa. Sasa kwangu amependeza kuliko alivyo, na kwenye mashine nyingine sikuona haja ya kuangalia. Katibu amethibitisha. Nimekwisha kutuma: mabango mia tatu, skrini ya maktaba, simu za wote.

Na wewe, ndugu mpiganaji uliyesoma mpaka hapa, usikose. Kikao cha kwanza ni keshokutwa, Alhamisi, saa kumi kamili alasiri, ukumbi mdogo nyuma ya maktaba. Mwenyekiti utamtambua kwa picha yake.